SOMO KWA VIKUNDI: Je, Nchi Iliyo Ndani ya Muungano Bado Ni Nchi?



  

Somo la mara hii limetokana na ubishi. Katika vikundi vyetu watu hukaa kusubiri wenzao wafike, na wakisubiri huzungumza. Mazungumzo ya Zanzibar hayaishi hapa kwetu, maana wengi tuna jamaa kule, na biashara ya baharini haijakatika. Mmoja husema, "Zanzibar ni nchi, ina Rais wake, ina bendera yake, ina wimbo wake." Mwingine humjibu, "Nchi gani hiyo isiyokuwa na pasipoti? Zanzibar ni sehemu ya Tanzania, kwisha." Basi sauti hupanda, mkutano huanza umechelewa, na wawili hao hawapeani chai siku hiyo.

Tumeona tusiliache swali hili likapita bure. Ndani yake mna jambo kubwa linalotuhusu sisi wa vikundi: mdogo akiungana na mkubwa, anabaki nani?

MALENGO YA SOMO

Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze:
- kueleza tofauti ya nchi, taifa, dola na serikali;
- kueleza Zanzibar iliingiaje katika Muungano, na kwa nini ubishi haujaisha;
- kutofautisha Zanzibar ndani ya Tanzania na Kaunti ya Lamu ndani ya Kenya;
- kusaidia kikundi chake kuandika masharti mazuri kabla ya kuungana na vikundi vingine.

Kwa mwezeshaji: tengeneza muda wa saa mbili, karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito. Usisome somo lote kwa mfululizo. Soma kifungu kimoja, kisha waache watu waseme.

1. KWANZA TUELEWANE MANENO

Ubishi mwingi hutokana na watu kutumia neno moja kwa maana mbili. Hebu tuyachambue maneno manne.

Nchi. Hili ni neno la zamani na pana. Wazee wa Amu husema nti. Nchi kavu ni pale chombo kinapopanda ufukweni. Nchi ya mtu ni pale alipozaliwa na walipozikwa babu zake. Na siku hizi nchi pia ni Kenya, Uganda, Misri na kadhalika. Kwa hiyo mtu akisema "nchi yangu" huenda hasemi habari za serikali hata kidogo.

Taifa. Hili ni watu. Ni watu wanaojiona kuwa wamoja kwa historia, lugha, desturi au nia ya kuishi pamoja. Taifa laweza kuwa na dola yake, na laweza kukosa.

Serikali. Hiki ni chombo cha kuongoza. Serikali yaweza kuwa ya kijiji, ya kaunti, au ya nchi nzima. Kuwa na serikali peke yake hakukufanyi uwe nchi inayojitegemea.

Dola. Hapa ndipo penye mzigo. Dola ni mamlaka kamili ambayo haina mwingine juu yake, na ambayo madola mengine huitambua. Mwaka 1933, huko Montevideo katika Uruguay, nchi za Amerika ziliandikiana mkataba ukitaja vipimo vinne vya dola: iwe na watu wakaao humo daima, iwe na mipaka inayojulikana, iwe na serikali, na iwe na uwezo wa kushughulika na madola mengine. Mpaka leo wanasheria wengi hutumia vipimo hivyo.

Basi shikeni jambo hili moja: mtu anayesema "Zanzibar ni nchi" na mtu anayesema "Zanzibar si dola" wanaweza kuwa sawa wote wawili. Wamegombania chai bure.

2. ZANZIBAR ILITOKA WAPI

Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza tarehe 10 Desemba 1963. Kenya ilifuata siku mbili baadaye, tarehe 12. Na tarehe 16 Desemba 1963 zote mbili ziliingia Umoja wa Mataifa, siku moja. Maana yake ni kwamba wakati ule Zanzibar ilikuwa na kiti sawa na cha Kenya.

Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na Sultani Jamshid akaondoka. Watu wengi walipoteza maisha, na habari za siku zile bado ni kidonda katika nyumba nyingi, hata za huku kwetu. Tarehe 22 Aprili 1964, Mwalimu Julius Nyerere wa Tanganyika na Mzee Abeid Karume wa Zanzibar walitia sahihi Hati za Muungano. Tarehe 26 Aprili Muungano ukaanza. Mwezi Oktoba mwaka huo jina la Tanzania likapatikana. Katika Umoja wa Mataifa viti viwili vikawa kimoja.

Angalieni hesabu: tangu uhuru hadi Muungano ni chini ya miezi mitano. Wananchi hawakupigiwa kura ya kuulizwa, wa Zanzibar wala wa Tanganyika. Wanaoutetea Muungano husema viongozi walikuwa na mamlaka ya kuamua na hatari za wakati ule zilikuwa kubwa. Wanaoulaumu husema jambo zito namna ile halifanywi kwa haraka. Kikundi kizungumze, lakini kwa adabu.

Sasa Muungano wenyewe ukoje? Katika ndoa nyingi za namna hii wote wawili hupoteza serikali zao na kuunda moja, au wote wawili hubaki na serikali zao na kuweka ya tatu juu. Tanzania ilichukua njia yake. Zanzibar ilibaki na serikali yake kwa mambo yake. Tanganyika haikubaki na serikali yake. Mambo yake yakawa chini ya Serikali ya Muungano. Kwa hiyo serikali ni mbili, si moja wala tatu.

Mambo ya kushirikiana yaliandikwa. Mwanzoni yalikuwa 11: mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji na mengineyo. Baadaye orodha iliongezeka, na katika Katiba ya Muungano ya 1977 ikafika mambo 22. Wekeni alama hapo. Wazanzibari wengi wanapolalamika, hili ni mojawapo ya wanayolalamikia: tuliungana kwa mambo 11, mengine yaliingiaje?

3. UBISHI WENYEWE

Hebu tupime Zanzibar kwa vile vipimo vinne.

Watu? Wapo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, katika Watanzania 61,741,120.
Mipaka? Ipo. Ni Unguja, Pemba na visiwa vidogo vilivyozizunguka.
Serikali? Ipo. Kuna Rais wa Zanzibar, Baraza la Wawakilishi, na Mahakama Kuu ya Zanzibar. Bendera yake ilianza kupepea mwaka 2005.
Kushughulika na madola mengine? Hapa ndipo chombo kinapokwama. Mambo ya nje ni ya Muungano.

Na si maneno ya vitabuni tu. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, ile inayoitwa OIC. Kukatokea kelele kubwa bara. Mwaka 1993 ikabidi itoke, kwa sababu ilionekana kujiunga na chombo cha kimataifa ni kazi ya Muungano. Mwaka huo huo wabunge wa bara wapatao 55 wakasema, basi na sisi tupewe serikali ya Tanganyika. Yaani mshipa mmoja ulivutwa, mwili mzima ukashituka.

Wapenda mpira nao wana lao. Machi 2017 Zanzibar ilipokelewa kuwa mwanachama kamili wa shirikisho la mpira la Afrika, CAF. Watu walishangilia usiku kucha. Julai mwaka huo huo uanachama ukaondolewa, wakaambiwa nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Lakini katika mashindano ya CECAFA ya Afrika Mashariki, Zanzibar hucheza kwa jina lake. Ilichukua kombe mwaka 1995. Na Desemba 2017 ilifika fainali pale Machakos, ikatoka sare na Kenya yetu mabao 2 kwa 2, tukashinda kwa penalti. Kwa hiyo Zanzibar ni nchi mbele ya CECAFA, na si nchi mbele ya CAF. Mnaona mambo hayo?

Lakini ubishi huu si mchezo kila wakati. Kati ya 1997 na 1998 watu 18 wa chama cha CUF walikamatwa na kushtakiwa uhaini dhidi ya Serikali ya Zanzibar. Uhaini ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Walikaa rumande zaidi ya miaka miwili. Novemba 2000 waliachiliwa, na mwezi huo huo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikatoa uamuzi: uhaini hufanywa dhidi ya dola, na Zanzibar peke yake si dola, kwa hiyo kosa hilo haliwezi kufanywa dhidi ya Serikali ya Zanzibar. Fikirini jambo hilo. Kwa watu wale na wake zao na watoto wao, tofauti ya "nchi" na "dola" ilikuwa ni tofauti ya uhai na kitanzi. Na jambo la ajabu ni kwamba uamuzi ule ule uliowasaidia wale watu, ndio unaowauma Wazanzibari wengi wanaotaka nchi yao iheshimiwe.

Julai 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema Bungeni kwamba Zanzibar si nchi. Visiwani watu wa vyama vyote walikasirika. Mwaka 2010 Baraza la Wawakilishi likabadili Katiba ya Zanzibar, ikaandikwa waziwazi kwamba Zanzibar ni nchi, na ni moja ya nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Na Katiba ya Muungano nayo, katika ibara yake ya kwanza, inasema Tanzania ni nchi moja. Katiba mbili, kila moja na neno lake, na zote zinatumika mpaka leo.

Tume nazo zimeundwa. Tume ya Jaji Nyalali mwaka 1992, na Tume ya Jaji Warioba mwaka 2013, zote mbili zilipendekeza serikali tatu. Mapendekezo hayo hayakupita. Tukumbuke pia kwamba Januari 1984 Rais Aboud Jumbe wa Zanzibar alilazimika kujiuzulu baada ya kutaka swali la muundo wa Muungano lifafanuliwe. Kwa hiyo si swali la vijana wa barazani tu. Limeangusha hata wakubwa.

Hata hivyo, tusiseme ni ugomvi mtupu. Muungano umepita miaka 60, na mambo mengine yamerekebishwa kwa mazungumzo. Mafuta na gesi asilia yalikuwa katika mambo ya Muungano, na Wazanzibari walilalamika miaka mingi. Mwaka 2015 sheria ya Muungano ikaruhusu Zanzibar isimamie mafuta yake yenyewe, na mwaka 2016 Zanzibar ikatunga sheria yake. Fundo likifunguliwa polepole, kamba haikatiki.

4. WENZETU WENGINE

Zanzibar haiko peke yake. Tutazame wengine kwa ufupi.

Scotland iliungana na Uingereza mwaka 1707. Hadi leo watu huiita nchi, ina Bunge lake lililofunguliwa tena mwaka 1999, na timu yake hucheza katika FIFA. Lakini haina kiti Umoja wa Mataifa. Mwaka 2014 watu wake waliulizwa kwa kura kama wanataka kutoka. Asilimia 55 wakasema la. Hakuna aliyepigwa risasi.

Eritrea iliunganishwa na Ethiopia mwaka 1952 kwa makubaliano kwamba itakuwa na serikali yake. Mwaka 1962 Ethiopia ikayafuta makubaliano hayo na kuifanya mkoa. Vita vilidumu karibu miaka 30. Mwaka 1993 Eritrea ikawa dola.

Somaliland ilipata uhuru tarehe 26 Juni 1960, ikakaa siku tano tu, kisha ikaungana na Somalia tarehe 1 Julai. Mwaka 1991 ilitangaza kujitoa. Ina serikali, ina fedha yake, inapiga kura, lakini hadi leo haina kiti Umoja wa Mataifa.

Buganda ilikuwa na madaraka yake ndani ya Uganda wakati wa uhuru mwaka 1962. Mwaka 1966 Serikali ya Obote iliivamia, Kabaka akakimbia, na mwaka uliofuata falme zote zikafutwa. Mwaka 1993 Kabaka alirudishwa, lakini kwa mambo ya mila, si ya utawala. Hata hivyo muulize Mganda kama Buganda ipo. Atakushangaa.

Linganisheni Scotland na Eritrea. Wote walikuwa wadogo kando ya mkubwa. Palipokuwa na nafasi ya kusema na kuulizwa, watu walibaki kwa hiari yao. Palipovunjwa makubaliano, damu ilimwagika.

5. NA LAMU JE?

Najua, mtasema: sasa mmetuzungusha Scotland na Eritrea, na sisi je? Haya, turudi nyumbani.

Amu na Pate zilikuwa na watawala wao. Baada ya vita vya Shela, karibu mwaka 1812, Waamu waliomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman. Ulinzi ukaja, na utawala ukaja nao. Hivyo Lamu ikawa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana, walimwachia Sultani mwambao wa maili kumi pamoja na visiwa vyetu. Mwaka 1895 Uingereza ikachukua kazi ya kuutawala mwambao wa Kenya, huku ikimlipa Sultani kodi kila mwaka. Ndiyo maana mpaka 1963 ramani zilikuwa na Koloni na Himaya, na sisi tulikuwa katika Himaya.

Oktoba 1963, kabla ya uhuru, ilikubaliwa kwamba Sultani aachie mwambao na uwe sehemu ya Kenya. Waziri Mkuu Kenyatta wa Kenya na Waziri Mkuu Mohammed Shamte wa Zanzibar waliandikiana barua. Katika barua hizo Kenya iliahidi uhuru wa dini, kulindwa kwa mahakama za Kadhi na kutambuliwa kwa hati za ardhi za mwambao. Mahakama za Kadhi zipo hadi leo, katika ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Kuhusu ardhi, kila mtu wa Lamu ana hadithi yake, hatutaifungua hapa.

Miaka ya karibuni tumesikia maneno "Pwani si Kenya". Waliosema hivyo walitaja mikataba hiyo hiyo ya 1895 na 1963. Uchungu wao juu ya ardhi na kazi tunaufahamu, maana tunaishi nao. Lakini kisheria mambo yako hivi: Zanzibar iliingia Muungano ikiwa tayari ina kiti cha dola, ikatia sahihi kama upande wa mkataba. Mwambao haukuwahi kuwa na kiti hicho. Ni kama mashamba. Watu wawili wenye mashamba yao wanaweza kuyaunganisha na kulima pamoja. Huyo ni Zanzibar na Tanganyika. Na baba aweza kumkatia mwanawe kipande alime mwenyewe ndani ya shamba moja. Hiyo ni kaunti.

Kaunti yetu ya Lamu, yenye watu 143,920 kwa sensa ya 2019, ni moja kati ya kaunti 47. Ina gavana, ina bunge la kaunti. Lakini mamlaka yake yametoka katika Katiba ya Kenya. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Ulinzi, mambo ya nje, uhamiaji na polisi ni za Serikali ya Taifa. Zahanati, hospitali za kaunti, shule za chekechea, kilimo na uvuvi, masoko, hata vivuko na gati za kaunti, ni za kaunti. Kikundi kikipeleka barua ya dawa za zahanati Nairobi, kitangoja sana. Kikipeleka malalamiko ya polisi kwa gavana, kitaambiwa si kazi yake. Kujua nani ana mamlaka gani ni nusu ya kupata haki.

6. BASI JIBU NI LIPI?

Baada ya kupima, sisi tunasema hivi.

Zanzibar ni nchi kwa maana ya ardhi yenye mipaka, watu, historia na serikali. Ni nchi kwa Katiba yake yenyewe. Si dola peke yake, kwa sababu ilikabidhi mambo ya nje, ulinzi na uraia kwa Muungano, na madola mengine yanaitambua Tanzania. Ndiyo maana katika Jumuiya ya Afrika Mashariki anayekaa kitini ni Tanzania, si Zanzibar.

Aliyekabidhi jambo moja hakukabidhi yote. Na aliyekabidhi asijifanye hakukabidhi. Mkubwa asisahau lile la kwanza, mdogo asisahau hili la pili. Muungano wowote unaharibika pale mmoja wao anaposahau.

7. TAFAKARI YA NENO

Someni Wafalme wa Kwanza, sura ya 12. Makabila ya Israeli yalikuwa chini ya mfalme mmoja. Sulemani alipokufa, makabila ya kaskazini yalikuja kwa mwanawe Rehoboamu na ombi moja tu: baba yako alitutwika mzigo mzito, wewe tupunguzie, nasi tutakutumikia. Angalieni, hawakuja kutaka kuondoka. Walikuja kutaka nafuu. Wazee walimshauri mfalme awajibu kwa upole. Vijana wenzake wakamshauri awatishe. Akafuata ya vijana. Siku ile ufalme ukapasuka, makabila kumi yakaenda zao.

Someni pia Mwanzo sura ya 13, habari za Ibrahimu na Lutu, ambao ndugu zetu Waislamu nao wanawajua. Wachungaji wao walipogombana, Ibrahimu aliyekuwa mkubwa alimpa mdogo nafasi ya kuchagua kwanza. Waliachana kwa amani, na baadaye Lutu alipotekwa, ni Ibrahimu aliyekwenda kumwokoa. Hata kuachana kuna namna yake njema.

Na mwisho Wakorintho wa Kwanza sura ya 12, mfano wa mwili. Mtume Paulo anaeleza kwamba mkono ukiwa katika mwili haukomi kuwa mkono. Lakini pia mkono haujiendei peke yake.

8. FUNZO KWA VIKUNDI VYETU

Sasa tufike mahali penye faida. Vikundi vingi vidogo vinashawishiwa kuungana: kununua mashine ya barafu ya wavuvi pamoja, kupata mkopo, kuuza makuti au mazao kwa bei nzuri. Ni jambo jema, umoja ni nguvu. Lakini pia wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Tumeona muungano wa vikundi ukivunjika na watu kukosana miaka mingi. Kabla ya kutia sahihi, fuateni mambo haya sita:

(a) Andikeni orodha ya mambo ya kushirikiana. Mfano: akaunti ya mkopo, mashine, na soko. Yasiyoandikwa yabaki kwa kila kikundi.

(b) Andikeni jinsi orodha itakavyoongezwa. Jambo jipya lisiingie mpaka kila kikundi kikutane chenyewe na kukubali, na muhtasari uandikwe. Kumbukeni 11 na 22.

(c) Kila kikundi kibaki na cheti chake, daftari lake, mwenyekiti, katibu na mweka hazina wake. Mkivitupa hivyo, siku ya kutoka hamtakuwa na pa kurudi.

(d) Mlindeni mdogo. Kikundi cha watu 15 kikiungana na cha watu 60, kura za vichwa peke yake zitakimeza. Mambo makubwa yapite kwa wingi katika kila kikundi, si kwa jumla ya wote.

(e) Chagueni mapema mtu wa kuamua mkikosana, naye asiwe wa upande wowote. Afisa wa maendeleo ya jamii, imamu, mchungaji au mzee wa mtaa anafaa.

(f) Andikeni njia ya kutoka: taarifa ya miezi mingapi, mali inagawanywaje, deni linabebwa na nani. Kuandika mlango wa kutokea si kutakiana mabaya. Nyumba yenye mlango, watu hukaa ndani bila wasiwasi.

Na zaidi ya yote, wanachama waulizwe. Si mwenyekiti na katibu peke yao chini ya mwembe. Ulizeni hata akina mama wanaokaa nyuma, maana mara nyingi fedha nyingi ya kikundi imetoka kwao.

9. MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa Kiswahili cha nyumbani kwenu, neno nchi lina maana ngapi? Kila mmoja aseme maana yake.
2. Kama ungekuwa Mzanzibari, ni jambo gani katika mambo ya Muungano ungetaka libaki, na lipi ungetaka lirudi? Kama ungekuwa mtu wa bara je?
3. Katiba mbili zinasema maneno mawili tofauti. Ni hasara tu, au kuna faida ya kuacha jambo bila kulikaza?
4. Rehoboamu angejibu vipi ili ufalme usivunjike?
5. Katika kikundi chetu, ni nani anayefanya kama mkubwa aliyesahau makubaliano? Semeni bila kutaja majina, kisha tengenezeni.

ZOEZI

Chukueni karatasi ya manila, mpige mistari mpate safu tatu. Ya kwanza iandikwe "Yetu peke yetu", ya pili "Ya pamoja", ya tatu "Bado hatujakubaliana". Jazeni mambo yote ya kikundi chenu na ya muungano mnaoufikiria. Ikiwa safu ya tatu ni ndefu kuliko ya pili, msitie sahihi bado. Kaeni tena.

Bandikeni karatasi hiyo ukutani pale mnapokutania, ili wasiojua kusoma wasomewe kila mwezi. Na wale wawili waliogombana juu ya Zanzibar, tunawaomba wakae pamoja katika zoezi hili, mmoja ashike kalamu na mwingine ashike karatasi.

Mungu abariki kazi za mikono yenu.